Nyongeza ya Mama Gerson

Siku Cecilia alipokutana na Mama Gerson kwa mara ya kwanza, alikwenda akiwa amejiandaa kumshinda. Ilikuwa Jumamosi, siku ya mnada wa Msalato. Upande mmoja ng'ombe na mbuzi wananadiwa kwa makelele, upande wa pili akina mama wametandika magunia yao: nyanya, dagaa, vitunguu, karanga, ndala za plastiki. Cecilia alikuwa anatafuta mlenda mkavu, ile mboga ya majani inayovutika, wa kumpelekea mwanamke mmoja mwenye mgahawa Area D, Dodoma mjini. Mtindo wake ulikuwa uleule popote alipokwenda. Anauliza bei, anacheka kana kwamba ametaniwa, anataja nusu yake, halafu anageuza mgongo taratibu ili aitwe.

Mama Gerson alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameegemea ukuta wa mashine ya kusaga, na mlenda wake uko mbele yake kwenye beseni, kijani iliyokolea, umetwangwa laini.

"Shikamoo, mama. Mlenda kopo bei gani?"

"Marahaba, mwanangu." Akataja bei.

Cecilia akacheka. "Mama, sinunui gunia zima. Nauliza kopo."

"Na mimi nimekujibu kopo. Ungeuliza gunia ningekuambia ukae kwanza."

Wanawake waliokuwa wanasubiri unga wao mlangoni pa mashine wakaangua kicheko. Cecilia hakutetereka, akataja nusu. Mama Gerson hakukasirika wala hakubisha.

"Kwenu wapi, mwanangu?"

"Naishi mjini."

"Sijauliza unapolala. Kwenu."

"Iramba."

"Ahaa! Basi mlenda unaujua. Nilifikiri nabishana na mtu wa Pwani, kumbe unajua kabisa unachokikataa."

Cecilia akageuza mgongo. Hakuitwa. Akafika kwa muuza dagaa, hakuitwa. Akainama, akajifanya anachagua dagaa, akatega sikio. Hakuitwa. Mwisho akarudi mwenyewe, kwa sababu mlenda alioupitia kwenye magunia mengine ulikuwa na mchanga, na mwenye mgahawa hakuwa mtu wa kudanganyika.

Mama Gerson akajaza kopo, akamimina kwenye mfuko. Halafu akazamisha mkono kwenye beseni akaibuka na konzi iliyojaa, akaimwaga humo humo, akaongeza na nyingine ndogo.

"Ya kopo umenunua," alisema. "Hii nimekupa mimi."

Cecilia aliondoka pale akiwa na furaha ya mtu aliyeokota. Alikuwa amefika karibu na kituo cha bajaji ndipo hesabu ilipomrudia kichwani. Bei haikushuka hata kidogo. Kopo lilijazwa bila kushindiliwa. Ile konzi ya zawadi ilikuwa inarudisha kile ambacho kopo halikubeba. "Yaani kanipa changu!" alisema kwa sauti, na dereva wa bajaji akageuka kuuliza kama kuna tatizo.

Tangu siku hiyo hakununua mlenda kwa mtu mwingine. Halikuwa suala la mapenzi. Mlenda wa Mama Gerson ulivuta vizuri sufuriani, hauna mchanga, na katika biashara mtu anayejua anachokifanya hakusumbui kama asiyejua.

Kadiri alivyokuwa akirudi ndivyo alivyomfahamu. Jina lake lilikuwa Paulina, lakini jina hilo lilitumika kanisani tu. Alizaliwa upande wa Chenene, akaolewa Msalato wakati ambapo Msalato haikuwa na la maana zaidi ya mnada na vumbi. Mume alifariki, Gerson akaenda kutafuta maisha Geita, na simu zake zikawa za sikukuu. Mvua zikianza, Mama Gerson na jirani yake Anjelina waliingia porini kuchuma mlenda unaoota wenyewe, wakauanika, wakautwanga, na ule ndio uliowalisha mpaka mvua nyingine. Kiwanja chake kilikuwa na nyumba ya vyumba viwili na ua wa kuanikia.

Mali yake kubwa, hata hivyo, ilikuwa pale ukutani. Kwenye gulio la Msalato hakuna mwenye hati ya mahali. Mahali ni pa anayepakalia. Ukitandika gunia lako kila Jumamosi, ukiwa na homa, ukiwa na msiba, pale ni pako na hakuna atakayethubutu. Ukikosekana Jumamosi kadhaa mfululizo, atatandika mwingine, na hata mwenyekiti wa mtaa hana la kusema. Mama Gerson alipakalia pale tangu mashine ya mzee Batholomeo ilipoanza kusaga, na hakupachagua kwa bahati. Mwanamke anayesubiri kusagiwa unga ana muda, na anayebeba unga anahitaji mboga. Walikuwa wanatoka na ndoo ya unga kichwani na mfuko wa mlenda mkononi.

Kisha likaja lile duka.

Uwanja wa ndege mpya ulikuwa umeleta watu na nyumba za mabati ya rangi, na wafanyakazi wa serikali wanaoshinda kwenye ofisi za Mtumba walikuwa wananunua viwanja kila kona. Supamaketi ikajengwa kando ya barabara ya Kondoa, ukuta mzima wa mbele ukiwa kioo. Ilikuwa na jina lake la kizungu juu, lakini watu wa Msalato waliiita Vioo.

Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Akina mama wa gulioni walikwenda kutazama, wakarudi wakisimulia.

"Unachukua kitu, unakipeleka kwa binti, anakipigisha kelele tii! Unalipa. Humjui, hakujui," alisema Anjelina.

"Na ukimwambia apunguze?"

"Nilimwambia. Akaniangalia kama nimemwomba figo. Yaani unanunua kama unatozwa faini."

Walicheka sana siku hiyo. Lakini Vioo walikuwa wanashusha bei ya sukari leo, mafuta kesho, sabuni keshokutwa, na kule ndani kuna ubaridi na toroli la kumkalisha mtoto. Walioanza kuhama ni wenye magari. Wakafuata walimu na manesi, halafu hata wale waliokuwa wanakopa nyanya gulioni wakaonekana Vioo na fedha taslimu. Duka lile lilileta na unga. Sembe nyeupe, kwenye mifuko ya kila ukubwa, bei yake ikikaribia ya mahindi yenyewe. Nani tena angebeba debe la mahindi kwenda kusimama kwenye foleni ya mashine?

Mzee Batholomeo alivumilia msimu mmoja. Akawa anawasha mashine Jumamosi tu, halafu Jumamosi za mwisho wa mwezi, halafu akauza mota akafunga mlango. Mama Gerson aliendelea kukaa kwenye ukuta uleule, lakini mlango wa pembeni yake haukutoa mtu mwenye unga tena. Cecilia akipita alimkuta na beseni limejaa kama alivyolitoa nyumbani.

Cecilia yeye hakukaa kulia. Alianza maisha akiuza mayai ya kuchemsha stendi, na alichojifunza stendi ni kwamba basi likihamia geti jingine, unahama na ndoo yako. Alikwenda Vioo akiwa amevaa vizuri, akaomba kuonana na ofisa manunuzi, kijana aitwaye Henry. Duka lilitaka rafu ya vyakula vya asili, ili watu wa ofisini wajisikie nyumbani. Cecilia akasaini kuleta karanga, ubuyu, asali na mlenda, vyote kwenye pakiti zenye nembo yake. Nembo hiyo ilikuwa na picha ya mwanamke anayetabasamu na kitambaa kichwani, picha aliyoipata kwa mchoraji wa mabango.

Jumamosi iliyofuata alikwenda moja kwa moja ukutani.

"Mama, nataka mlenda wako wote."

"Wote wa leo?"

"Wote wa mwaka. Unapakia nyumbani kwako, nakuletea mzani na mashine ya kubania pakiti. Napeleka Vioo."

Mama Gerson akacheka. "Nani ataingia kwenye vioo kutafuta mlenda?"

"Walewale waliokuwa wananunua hapa. Angalia mwenyewe. Wameshahama, umebaki wewe."

Wakaanza kupatana, na safari hii ilikuwa kupatana kwa kweli. Waliongea mpaka jua likageuka. Mama Gerson alitaja bei, Cecilia akashika kichwa. Cecilia akataja yake, Mama Gerson akamuuliza kama shule ya Iramba ilikuwa inafundisha hesabu au kuimba tu. Walipokutana katikati, kila mmoja alijua mwenzake amebakiza kidogo mfukoni, na kila mmoja akaridhika.

"Sasa niambie," alisema Mama Gerson. "Mahali pangu?"

"Pana nini?"

"Nikiwa napakia Jumamosi, nani atapakalia?"

"Mama, mahali pa kufanya nini? Mashine imefungwa."

Mama Gerson aliugeukia ule ukuta akauangalia kwa muda. Anjelina, aliyekuwa akisikiliza muda wote, akasema, "Basi angalau mmoja wetu aje atandike gunia, hata bila kitu."

"Na nani atatwanga?" aliuliza Cecilia. "Mzigo ni mkubwa. Nawahitaji wote wawili."

Ilikuwa kweli, kwa hiyo hakuna aliyembishia. Gunia likakunjwa.

Cecilia aliwafundisha mwenyewe pale uani. Weka pakiti kwenye mzani, mimina mpaka namba ifike, futa mdomo wa pakiti, bana, hesabu mpaka tatu, achia. Mama Gerson alifanya mara moja tu akawa ameshajua. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa Cecilia. Cecilia akaondoka bila wasiwasi, akarudi kuchukua maboksi, akayakuta yamepangwa vizuri. Alizishika pakiti mbili tatu, akaona zimenona, akafurahi. Alikuwa na haraka. Hakuzirudisha kwenye mzani.

Mwezi haukuisha Henry akampigia simu aje stoo.

"Dada Cecilia, njoo uone mwenyewe. Huu ni mlenda au saruji?"

Sakafu ilikuwa ya kijani. Maboksi ya mlenda yalikuwa yamevuja juu ya katoni za biskuti, na ndani ya pakiti zilizobaki vidudu vyeusi vilikuwa vinatembea bila wasiwasi, kama wenye nyumba.

"Mzigo umekuja na wadudu?" aliuliza Cecilia.

"Wadudu wamekaribishwa. Mlango ulikuwa wazi." Henry akachukua pakiti, akaivuta mdomo kidogo kwa vidole viwili, ikafunguka yote. "Unga umejaa mpaka kwenye mdomo. Plastiki haishiki juu ya unga." Akaiweka nyingine kwenye mzani, kisha nyingine. "Lebo inasema hivi, mzani unasema vile, na hii inasema vingine kabisa. Mnapakia huku mnaimba?"

"Lakini zimezidi, kaka. Hazijapungua. Nani analalamika kwa kuzidishiwa?"

"Mimi. Mimi nalalamika." Henry hakuwa na hasira. Alikuwa anaongea kama mtu anayesoma tangazo. "Mzigo wote unarudi. Na likitokea tena, hauondoki mlenda peke yake. Karanga, ubuyu, asali, rafu nzima naigawa kwa mtu mwingine. Nina watu watatu wanaoiomba."

Cecilia hakungoja kukuche. Alipakia maboksi kwenye bajaji ya mizigo akaenda nayo mpaka uani kwa Mama Gerson.

Alikaribishwa kiti, akaletewa maji. Akanywa kwanza, kwa sababu maji hayana kosa. Kisha akaweka pakiti iliyopasuka juu ya kinu.

"Mama, uliongeza?"

"Kidogo tu."

"Baada ya mzani?"

"Mzani ukishasema, ndipo na mimi nasema," alijibu Mama Gerson. "Mtu anapewa kilekile alicholipia, hata punje juu yake hakuna, halafu anakwenda zake? Atarudi kwa lipi?"

"Nilimwambia," alidakia Anjelina. "Nikasema mama, mashine inakataa kubana. Akasema shindilia, itabana."

"Mama." Cecilia alijitahidi asipandishe sauti. "Ulipoongeza, nani alikuona?"

Mama Gerson akaichukua ile pakiti kutoka juu ya kinu.

"Gulioni unampa mtu konzi akiwa amesimama mbele yako. Anaona mkono wako unakwenda, anaona unarudi. Kesho anakutafuta wewe. Hiyo ni biashara, naiheshimu. Lakini huko Vioo anayenunua hakujui. Anaona picha ya mwanamke wa mchoraji. Amekuja kununua sukari akapita, akachukua. Umemzidishia mtu asiyejua kwamba amezidishiwa. Umemwaga mali, na mali yenyewe imetufungulia mlango wa wadudu."

"Basi waandikie kwenye hiyo lebo," alisema Mama Gerson. "Waandikie kwamba ndani mna nyongeza."

Anjelina alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Nitapima sawasawa," alisema Mama Gerson. "Nimeelewa. Hata punje sitaongeza."

Cecilia alimwamini. Hilo ndilo lililomkera. Aliamini kabisa kwamba mwanamke huyu angepima sawasawa mzigo ujao, na ule wa baada yake. Lakini mkono uliofanya jambo moja maisha yote ni mkono wa kuusimamia, na yeye hakuwa na muda wa kukaa uani anausimamia. Upande mmoja wa hesabu kulikuwa na mlenda. Upande wa pili rafu nzima. Mjini kulikuwa na mwenye kinu cha umeme aliyekuwa anasaga mlenda uliochanganywa na majani ya kunde. Ulikuwa mwepesi, hauvuti sana, lakini kila pakiti yake ilikuwa ndugu pacha na nyingine.

Akasimama. Akachomoa mashine ya kubania kwenye umeme, akakunja waya wake. Akachukua mzani.

"Mzani niachie," alisema Mama Gerson. "Nijifunze."

"Mzani una kazi, mama. Nauhitaji kwenye karanga."

Maboksi yaliyorudishwa aliyaacha pale uani, kama malipo ya jasho. Aliona ametenda haki, na kwa hesabu ya kibiashara alikuwa ametenda haki zaidi ya wengi.

Jumamosi ile Mama Gerson alipepeta mlenda, akatoa wadudu, akauanika upya, akajitwisha beseni kwenda gulioni. Pale ukutani alimkuta kijana anayeitwa Filipo ametandika turubai na kupanga kava za simu na chaja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hapa ni pangu, baba."

"Palikuwa pako," alisema Filipo kwa upole. "Waulize hawa. Nimepakalia Jumamosi kadhaa sasa. Hakuna aliyetandika."

Mama Gerson hakuuliza mtu. Angekuwa yeye ndiye mwenye turubai, angejibu hivyo hivyo. Akazunguka na beseni lake mpaka akapata nafasi mwishoni, upande wa mbuzi, ambako vumbi linapanda juu ya kila kitu kilichotwangwa laini. Cecilia alikuwa amekuja mnadani siku hiyo kula nyama choma. Alimwona kwa mbali ameufunika mlenda kwa kanga. Mlenda uliofunikwa hauuziki, kwa kuwa hakuna anayeuona, na ukiufunua unajaa mchanga. Alisita kama aende kumsalimia. Hakuwa na la kununua, na kumsalimia mfanyabiashara bila kununua ni kumpotezea muda. Akaendelea na nyama yake.

Jumamosi zilizofuata gulio lilipungua. Nyanya ziliondoka, vitunguu vikaondoka, na mwishowe upande wa akina mama ukawa wa chaja, mitumba na viatu. Anjelina akapata kazi ya kufagia maegesho ya Vioo. Mvua za mwaka ule zilichelewa, zikaja kidogo, zikakatika kabla mlenda haujashika. Waliopata kuchuma waliyauza majani mabichi, gunia kwa gunia, kwa wakala wa kinu cha mjini. Wakala alikuwa anafika na bei ameshaibeba.

Rafu ya Cecilia ilishamiri. Akanunua kirikuu, gari dogo la kubebea mizigo. Mwenye mgahawa wa Area D alilalamika kwamba mlenda siku hizi hauvuti, Cecilia akamjibu kwamba ndio uliopo. Kisha Vioo wakaanzisha nembo yao wenyewe ya vyakula vya asili, wakamtaka awapakie humo kwa bei ya chini. Henry alimtumia bei hiyo kwenye simu. Cecilia akaenda kupatana. Henry akamsikiliza mpaka mwisho, akasema bei inatoka makao makuu, na yeye mwenyewe haijui inavyopangwa. Cecilia akasaini. Angepeleka wapi karanga zote zile?

Ni Anjelina aliyemletea habari, akiwa na fagio lake pale maegesho. "Mama Gerson anauza kiwanja. Anarudi Chenene kwa kaka yake. Amesema nikuulize wewe kwanza."

Cecilia alikuwa anahitaji stoo. Usiku mzima alipanga namna ya kuanza kupatana. Viwanja vya Msalato vilikuwa vimepanda kwa ajili ya ule uwanja wa ndege, na Mama Gerson hakuwa mtu wa kuchezewa. Kwa hiyo akachagua bei ya kuanzia ya chini mno, bei ya kumpa mwenzake nafasi ya kukasirika, kumtukana, kumuuliza tena habari za shule ya Iramba. Mkoba aliubeba na fedha zaidi ya hapo, nyingi zaidi.

Wakakaa uani, Anjelina pembeni. Cecilia akataja bei yake.

"Sawa," alisema Mama Gerson.

"Sawa nini, mama?"

"Sawa hiyo."

Cecilia akasubiri. Anjelina akamgusa Mama Gerson bega. "Mama, na wewe si utaje yako?"

"Ya nini? Si ameshaisema."

Cecilia alimtazama usoni akitafuta hila, kama alivyozoea kuitafuta. Haikuwepo. Mikono ilikuwa imelala kwenye mapaja. Angeweza kusema neno moja, na bei ingepanda, na fedha ilikuwa nayo mkobani. Akafikiria bei ya makao makuu. Akafikiria karo ya watoto wake, mafuta ya kirikuu, mabati ya kuezekea stoo upya. Akafungua mkoba akatoa kile alichokitaja.

Walikwenda kwa mtendaji wa mtaa wakaandikishana. Mama Gerson aliweka dole gumba, akaomba aachiwe mlango wa jikoni, ule wa mbao, kwa kuwa kaka yake hana. Cecilia akamruhusu. Wiki iliyofuata gari la Chenene lilimchukua na mlango wake, kinu chake na mikeka miwili. Cecilia alipata stoo kwa bei ya kutupa, karibu na barabara, mahali pazuri. Ndani yake akapanga maboksi ya pakiti zenye nembo ya Vioo.